Ukitaka kuijua dhamira, omba jedwali la marejesho

MASWALI NA MAJIBU: KAZI NA KIPATO

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinahusu zile kampuni changa za fedha zinazokopesha watu wa kipato cha chini kwa simu na kusema zimeanzishwa kwa dhamira ya kuinua jamii. Wengine wameitwa kazini, wengine wako ndani tayari na wana wasiwasi. Tumechagua barua tano.

Nimemaliza Chuo cha Uhasibu Arusha. Nimepata nafasi kwenye kampuni ya watu kumi na moja inayokopesha wauza mbogamboga na mitumba wa Tengeru na Kilombero. Kwenye usaili walizungumza sana juu ya kumkomboa mama wa sokoni, lakini kazi yangu wameiita tu "fedha na uendeshaji". Nitakuwa nafanya nini kutwa nzima?
*Mhitimu, Njiro*

Sehemu kubwa ya siku utakuwa unalinganisha hesabu. Asubuhi, kabla simu hazijaanza kuita, unashusha taarifa za miamala ya jana kutoka kila mtandao, yaani M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa, unachukua na taarifa ya benki, halafu unaziweka pembeni ya orodha ya marejesho iliyoko kwenye mfumo wa kampuni. Tuseme mfumo unaonyesha marejesho 184 yenye jumla ya shilingi 3,212,000, na mitandao inaonyesha 187 yenye jumla ya 3,259,500. Kuna malipo matatu, shilingi 47,500, yameingia lakini hayana mwenyewe. Kazi yako ya asubuhi ni hayo matatu.

Mara nyingi utakuta moja limelipwa na binti wa mteja kwa simu yake mwenyewe, akaandika namba ya simu mahali pa kumbukumbu namba. La pili limepitia kwa wakala na tarakimu moja imeruka. La tatu ni la mteja aliyemaliza deni Jumamosi, akalipa tena Jumapili kwa sababu hakuna aliyemjulisha kwamba amemaliza. Yaweke yote kwenye akaunti ya kusubiri, kisha piga simu moja moja. Usikisie kwa kuangalia kiasi. Siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, wateja kadhaa wanaweza kulipa 15,500 ileile ndani ya saa moja. Ukikosea, aliyelipa atatumiwa ujumbe wa kudaiwa, pengine akiwa amesimama mbele ya wateja wake, na asiyelipa ataonekana safi. Mama aliyedaiwa fedha alizokwisha kulipa ni vigumu kumrudisha, na ana haki ya kukasirika.

Kuna na tofauti ya upande wa pili: mfumo unasema fulani amelipa, mtandao hauna muamala huo. Hapo mtu alionyeshwa ujumbe wa simu akauamini, au afisa alipokea fedha taslimu mkononi. Shika kanuni hii tangu siku ya kwanza: rejesho linaingizwa kutoka kwenye taarifa ya kampuni tu, kamwe si kutoka kwenye picha ya ujumbe. Ujumbe wa muamala unaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu.

Jambo la pili litakalokula muda wako ni floti ya kutolea mikopo. Wachuuzi wananunua mzigo alfajiri ya siku ya soko, kwa hiyo fedha ziwe zimemfikia mteja Jumanne jioni na Ijumaa jioni. Ukihamisha kutoka benki Ijumaa saa tisa alasiri na uhamisho ukakwama, wateja wote uliowaahidi watakwenda kukopa kwingine, kwa riba ya siku. Hamisha asubuhi, ubaki na akiba kidogo juu ya makadirio.

Mengine ni ya kawaida ya ofisi ndogo: kodi ya mishahara TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, NSSF, kununua vocha, kupokea simu wakati mwenzako hayupo. Kwenye timu ya watu kumi na moja hakuna kusema "hiyo si kazi ya idara yangu".

Nimeitwa na kampuni mbili za mikopo. Zote zinasema zinapinga mikopo kausha damu na ziko upande wa mnyonge. Nitajuaje ipi inasema kweli?
*Mwalimu anayetaka kubadili kazi, Himo*

Acha vipeperushi. Omba wakuonyeshe jedwali la marejesho la mkopo mmoja wa kawaida, mathalani shilingi 300,000 kwa miezi sita, ukae nalo na kalamu.

Benki Kuu iliweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kampuni zote mbili zitakuambia ziko ndani ya ukomo huo. Ila angalia asilimia 3.5 ya nini. Kama mteja anapunguza 50,000 ya mkopo kila mwezi na riba inapigwa kwenye kilichobaki, atalipa riba 10,500 mwezi wa kwanza, 8,750 wa pili, na kuendelea kushuka hadi 1,750 mwezi wa sita. Jumla ni 36,750. Kama riba inapigwa kwenye 300,000 yote kila mwezi, hata pale mteja anapobakiwa na 50,000 tu mkononi, analipa 10,500 mara sita, yaani 63,000. Bango la ukutani ni lilelile, lakini mama wa pili amelipa 26,250 zaidi. Ukiigeuza hesabu hiyo kwa salio linalopungua, riba yake halisi ni karibu asilimia 5.7 kwa mwezi.

Halafu tafuta makato ya mwanzoni. Ikiwa "ada ya fomu" ni asilimia 5 na inakatwa kabla ya kutoa, mteja anapokea 285,000 na analipia riba ya 300,000. Tazama pia kama "mwezi" wao ni wiki nne. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo mwezi wa wiki nne unampa mkopeshaji miezi kumi na mitatu.

Ukimaliza hapo, uliza leseni. Inatakiwa iwe imebandikwa ofisini, na Benki Kuu huchapisha orodha ya waliopewa. Novemba 2024 ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni, kwa hiyo hili si la kuonea haya kuuliza. Tena, kampuni ya daraja la pili haina ruhusa ya kupokea amana za umma. Ukisikia wanakusanya "akiba" za wateja na kuzikopesha wengine, usisaini.

Swali la mwisho la usaili liwe lako: mteja akichelewa siku ya kwanza, ya saba na ya thelathini, mnafanya nini? Kampuni iliyojipanga itakujibu bila kusita: siku ya kwanza ujumbe, ya tatu simu, ya saba afisa anamtembelea kujua kama ni ugonjwa, wizi au soko baya, na faini ina kikomo. Ukijibiwa "hapa kwetu hakuna anayechelewa", au ukisikia kwamba wanapigia simu watu waliomo kwenye simu ya mteja, umeshapata jibu lako. Kutumia majina ya ndugu na majirani wa mteja kumwaibisha ni kucheza na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na atakayeshika simu hiyo ya kuaibisha watu ni wewe, si mwenye kampuni.

Wahariri, hamjambo. Kijana wangu yuko benki hapa Moshi mjini, mwaka wa nne. Sasa anataka kuacha aende kampuni ndogo inayokopesha wakulima wa kahawa. Watampa 800,000. Anasema kazi ile ina maana. Mimi wadogo zake nawasomesha kwa msaada wake. Nimwambie nini?
*Mama, Kibosho*

Shikamoo mama. Kwanza tuifungue hiyo 800,000, kwa sababu siyo itakayofika nyumbani. NSSF asilimia 10 ni 80,000, inabaki 720,000 ya kutozwa kodi. Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Zile 200,000 zinazobaki ni asilimia 20, yaani 40,000. Kodi yote ni 60,000, na mkononi anapata 660,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa pia, 120,000, naye abaki na 540,000. Huo ndio mshahara wa kulinganisha na anachopokea benki sasa. Alinganishe na bima ya afya aliyonayo, na mkopo wa mtumishi kama anao, maana akiacha kazi benki itataka kujua mkopo huo utalipwaje.

Akisema hao wapya "hawakati chochote, wanatoa yote", tafadhali asifurahi. Maana yake hapelekewi NSSF. Mwajiri naye anatakiwa kuchangia asilimia 10 yake. Hapo kijana anapoteza 160,000 ya akiba ya uzeeni kila mwezi ili apate nafuu ya leo.

Pili, mkataba wa maandishi kabla hajaandika barua ya kuacha benki. Kwa sheria ya kazi ya 2004, wiki isizidi saa 45 za kawaida, saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, likizo ya mwaka ni siku 28, na anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Katika mwezi wa kwanza wa ajira notisi ni siku saba tu. Tena ulinzi wa kuachishwa kazi isivyo halali hauwi kamili mpaka atimize miezi sita. Kwa hiyo miezi hiyo sita ya mwanzo ndiyo ya hatari, na ingekuwa vizuri awe ameweka pembeni ada za muhula mmoja za wadogo zake kabla ya kuhama.

La tatu ndilo kubwa, na wewe mama wa Kibosho unalijua kuliko wengi wanaovaa suti. Kahawa inataka fedha mwanzoni mwa mwaka: mbolea, palizi, dawa ya kutu ya majani na ya chulebuni, ugonjwa wa buni. Fedha zinarudi baada ya kuvuna na kuuza, kuanzia Julai hadi karibu na mwisho wa mwaka, na kwa anayeuza kupitia ushirika kuna kusubiri malipo ya pili. Kilimanjaro imesubiri malipo ya pili tangu enzi za KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa huko, kilichoundwa 1933. Basi kampuni inayokopesha Machi itaanza kuona fedha zake baada ya miezi mitano, sita, hata minane. Katikati hapo mishahara inalipwa kwa fedha za wawekezaji au wafadhili, na hao hutoa kwa awamu. Awamu ikichelewa miezi miwili, mshahara unachelewa, hata kama hakuna mkulima mmoja aliyekataa kulipa.

Kwa hiyo aulize bila aibu: fedha za kuendeshea zilizoko benki leo zinatosha miezi mingapi mkipata sifuri kutoka nje? Ni kugawa tu. Milioni 240 kwa matumizi ya milioni 20 kwa mwezi ni miezi 12. Kwa kampuni ya kahawa, chini ya miezi tisa tungemshauri abaki benki kwanza. Aulize pia mkulima anaanza kulipa lini. Wakisema "kila mwezi, kuanzia mwezi ujao", hawaijui kahawa, na kijana wako atatumwa kudai fedha kwenye shamba lenye maua.

Ikiwa majibu ni mazuri, mama, mwache aende. Benki angebaki dirisha moja miaka mingi. Kule kwenye kampuni ndogo atajifunza kutathmini mkopo, kuandika sera, kusimamia fedha na kukaa na mkulima, yote ndani ya mwaka mmoja na nusu. Tunaithamini sana elimu hiyo, ila isilipiwe na ada ya wadogo zake.

Mimi ni afisa mikopo. Kampuni yetu inataka mikopo inayochelewa isizidi asilimia 5. Mwisho wa mwezi ukikaribia tunaambiwa tuwape waliochelewa mkopo mpya, walipie wa zamani. Wanasema ni kumsaidia mteja. Moyo unasita. Je, ni kosa?
*Afisa mikopo, Ngaramtoni*

Moyo wako uko sawa. Tuchukue mteja mmoja. Amebakiwa na deni la 180,000, amechelewa siku 35. Mnampa mkopo wa 250,000, papo hapo 180,000 inafunga deni la zamani, yeye anaondoka na 70,000. Kwenye ripoti kuna mkopo mmoja uliolipwa na mmoja mpya ulio safi. Kwenye kibanda chake kuna nyanya zilezile, na deni limepanda kutoka 180,000 hadi 250,000. Baada ya miezi mitatu atarudi kwenye orodha ya waliochelewa, safari hii na kiasi kikubwa zaidi.

Kipimo chenyewe kinaanzia siku 30: unachukua salio lote la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku hizo, siyo rejesho lililorukwa tu, unagawa kwa salio la mikopo yote. Milioni 9.6 juu ya milioni 120 ni asilimia 8. Mkigeuza nusu yake kuwa mikopo mipya, ripoti inashuka hadi kama asilimia 4 kwa siku moja, na mwekezaji anafurahi. Hakuna shilingi hata moja iliyoingia. Mtu yeyote anayetaka kuuona mchezo huu atafute mikopo iliyofungwa na kufunguliwa siku ileile kwa mteja yuleyule, hasa kati ya tarehe 27 na 31.

Kumsaidia mteja kweli kupo, na kunafanyika hivi. Afisa anakwenda kuona biashara. Deni lilelile la 180,000 linagawanywa upya, tuseme miezi sita ya 30,000 badala ya mitatu ya 60,000, pamoja na riba halali ya salio. Hakuna ada mpya, hakuna fedha mpya. Mkopo unahamishiwa kwenye orodha ya peke yake ya mikopo iliyopangwa upya, na unaendelea kuhesabiwa kuwa wa hatari mpaka alipe marejesho matatu mfululizo kwa wakati. Ripoti itaonekana mbaya. Iache iwe mbaya, kwa sababu ndiyo inayowaambia wakubwa kwamba masika yameharibu barabara na viazi havitoki, au kwamba kwa wapagazi na wapishi wa safari Aprili na Mei hazina kipato, kwa hiyo ratiba yao ilipangwa vibaya tangu mwanzo.

Yaliyotokea Andhra Pradesh, India, mwaka 2010 yanafaa kukumbukwa na kila afisa mikopo. Taasisi za mikopo midogo zilizoanza kwa nia ya kuwainua wanawake maskini zilikimbizana kukua, mteja mmoja akawa na mikopo mitatu minne, mmoja unalipia mwingine. Agosti mwaka huo taasisi kubwa kuliko zote, SKS, iliuza hisa zake sokoni kwa kishindo. Oktoba, kukiwa na taarifa za wakopaji kujiua, serikali ya jimbo ikatoa amri ya kuwabana wakopeshaji, na marejesho yakakauka karibu jimbo zima. Kwa miaka mingi kabla ya hapo ripoti zao zilikuwa zinang'aa.

La kufanya: andika ukurasa mmoja kwa meneja. Orodhesha wateja kumi uliowageuzia mkopo miezi minne iliyopita, deni lao wakati ule, deni lao leo, na wangapi wamechelewa tena. Pendekeza orodha ya mikopo iliyopangwa upya, na bonasi ya maafisa itokane na marejesho baada ya miezi sita, siyo idadi ya mikopo iliyotolewa mwezi huu. Hifadhi nakala. Akikataa na akaendelea kukulazimisha, tafuta kazi nyingine mapema, maana sahihi iliyoko kwenye fomu za tathmini ni yako.

Kampuni changa ya Arusha inanitaka, ila wanasema nikubali kupunguziwa 300,000 kwa mwezi nipewe asilimia 1 ya hisa, nitakazozipata zote baada ya miaka minne. Ni haki?
*Mtaalamu wa mifumo, Sakina*

Unanunua hisa hizo kwa 300,000 mara 48, shilingi 14,400,000. Jiulize kama ungezitoa fedha hizo leo taslimu kuinunua asilimia hiyo.

Ukiona inafaa, dai idadi ya hisa, siyo asilimia tupu. Hisa 10 kati ya 1,000 ni asilimia 1, lakini wakitoa nyingine 1,000 kwa mwekezaji mpya, zako 10 ni nusu asilimia. Makubaliano yaseme unapata ngapi kila mwaka, na ukiondoka baada ya mwaka mmoja na nusu unabaki na ngapi. Hisa ulizokwisha kupata ziandikishwe BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa jina lako. Kampuni za dhamira mara nyingi hurudisha faida kwenye mikopo badala ya kutoa gawio, kwa hiyo uliza pia nani anaweza kuzinunua siku ukitaka kuuza.

Na usisahau kwamba NSSF inakokotolewa kwenye mshahara uliopunguzwa. Asilimia 20 ya 300,000, yako na ya mwajiri, ni 60,000 kwa mwezi, au 2,880,000 kwa miaka hiyo minne. Waombe waendelee kuchangia kwa mshahara wa awali, na kipengele hicho kiwe kwenye mkataba.